Kansa ya titi kupanda kichwani na hizi seli za kinga: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi ni mtu wa maabara, nimekaa na hadubini hapa Mbeya miaka mingi, si daktari wa kansa. Nimemuuguza mama yangu mdogo mpaka mwisho, na tangu hapo simu yangu haipumziki, mtu akipata mgonjwa anaambiwa muulize fulani. Maswali ni yaleyale kwa hiyo nayaweka hapa yote, nimeyapa namba ili nisirudie rudie maneno.

## Mwanzo kabisa

1. Ikishapanda kichwani inakuwa kansa ya ubongo au bado ni ya titi?

Bado ni ya titi. Ukiichukua ile ya kichwani ukaiweka kwenye hadubini utakuta seli za titi zimekaa katikati ya ubongo, kama Mkinga (mtu wa kabila la Wakinga) aliyefungua duka Tunduma kule mpakani, kahama lakini ni Mkinga tu. Ndo maana daktari anauliza majibu ya titi ya zamani hata kama mgonjwa analalamika kichwa tu. Mara nyingine tabia zinabadilika njiani kidogo, hilo nimeligusa swali la 19.

2. Kwa nini iende kichwani, si ingebaki kwenye titi au ishuke tumboni?

Inashuka pia, inaenda kwenye mifupa, mapafu, ini. Swali la kwa nini inachagua ni la zamani sana, mwaka 1889 daktari wa Uingereza anaitwa Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi akaona haisambai ovyo ovyo, kuna viungo inavipenda na vingine inavipita. Akasema seli ya kansa ni mbegu na kiungo ni udongo.

Watu wa huku hatuhitaji kuelezwa sana hilo. Chukua mbegu ya mpunga wa Kyela upande nayo Uporoto kule juu kwenye viazi na baridi ya mwezi wa saba, halafu uniambie umevuna magunia mangapi. Ila Paget hakujua huo udongo unalimwa na nani. Sasa hivi tunajua sehemu kubwa ya wanaoulima ni seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo watu wanaposhtuka, manake tumezoea kuambiwa kinga ni askari wetu basi.

3. Kila mwenye kansa ya titi itampanda kichwani?

Hapana, wengi hapana. Inategemea aina na imefika wapi. Kuna ile inayolishwa na homoni, hiyo inapenda mifupa zaidi, kichwani inaenda kwa uchache. Kuna ile yenye protini ya HER2 nyingi, na kuna ile isiyo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu vinavyopimwa (viwili vya homoni na hiyo HER2), wanaiita tripo negativu. Hizi mbili ndo zina tabia ya kichwani, kwa wagonjwa ambao tayari imeshasambaa mwilini inakaribia mmoja kati ya watatu, na zipo tafiti zinazofika nusu. Narudia, kwa wale ambao tayari imesambaa, sio kila aliyepapasa titi akakuta kauvimbe.

Tripo negativu inaonekana zaidi kwa wanawake weusi na kwa wenye umri mdogo. Kwa hiyo majibu ya biopsi (kile kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa) yakitoka msiridhike na neno moja "kansa", ulizeni vipokezi vimesomaje.

4. Dalili zake ni zipi?

Kichwa kinachouma hasa asubuhi ukiamka, kutapika bila tumbo kuuma, degedege kwa mtu mzima ambaye hajawahi, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, kuona viwili viwili, kusahau maneno, tabia kubadilika.

Kwa mama mdogo ilianza na ugali. Anakula upande wa kulia wa sahani, upande wa kushoto haugusi, mboga iko palepale, halafu anasema ameshiba anasukuma sahani. Dada yake akamgombeza kwamba anachagua chakula. Nikaizungusha ile sahani, upande uliobaki ukaja kuliani kwake, akaanza kula tena kama vile kaletewa chakula kipya. Nikanyamaza kimya jikoni pale. Ile siyo shibe, upande wa kulia wa ubongo ukiguswa mtu anaweza kupoteza habari za upande wake wa kushoto kabisa, kilichopo kushoto kwake ni kama hakipo. Bega la kushoto alikuwa anagonga nalo fremu ya mlango kila siku na tulikuwa tunacheka.

Kabla ya hapo alishatibiwa malaria na vidonda vya tumbo karibu mwezi mzima kwenye kituo kimoja ambacho sikitaji, kila akisema kichwa anaandikiwa za malaria, na mtaani walishaanza kusema kalogwa. Mtu aliyewahi kuwa na kansa ya titi, hata kama miaka mitano imepita, akianza hayo mambo msimzungushe, muulizieni picha ya kichwa.

## Seli zenyewe

5. Seli za kinga mnazosema ni zipi hasa?

Watu wakisikia seli nyeupe wanadhani ni kitu kimoja, ni ukoo mzima. Nitakazozitaja hapa: seli T, hizi zinatambua adui mmoja mmoja na zikimshika zinaua. Seli NK, zinaua bila kusubiri kutambulishwa. Makrofaji, walaji wakubwa, wanafagia uchafu na kuziba vidonda. Nyutrofili, hawa ndio wengi kwenye damu, wanakimbilia penye maambukizi na wanaishi muda mfupi. Halafu mikroglia, hao hawatoki kwenye ubongo, wana swali lao la 8.

6. Si tuliambiwa ubongo una ukuta? Sasa inapitaje?

Ukuta upo. Mishipa midogo ya damu ya kichwani seli zake zimeshonana hamna hata upenyo, nje yake kuna seli nyingine zimeikumbatia, na juu yake kuna miguu ya seli za nyota, astrosaiti. Dawa nyingi zinagonga hapo zinarudi.

Waliofika Tunduma watanielewa haraka. Malori foleni, karatasi, ukaguzi, lakini pembeni kuna njia za panya na anayezijua siyo mgeni, ni mwenyeji. Seli za kinga ni wenyeji, zina ruhusa ya kukaribia na kuvuka, na kansa inajifunza kwao au inabebwa nao. Nipeni nafasi hapa niongee kidogo kwa sababu ndo kiini cha habari yote.

Mwaka 2014 watafiti wa New York walionyesha kuna kimeng'enya kinaitwa kathepsini S, ni kama mkasi, kinakata protini moja inayoshonanisha seli za ule ukuta. Wakajiuliza nani anautengeneza huo mkasi. Jibu: seli za kansa zinautengeneza, na makrofaji nao wanautengeneza. Walipoupunguza upande mmoja tu kwa panya haikutosha, ilibidi waupunguze pande zote mbili ndo kansa ya kichwani ikapungua sawasawa. Yaani mwizi ana mkasi wake na mlinzi ana wake, na wote wanakata waya uleule.

Halafu 2018 kundi la Rotterdam kule Uholanzi walikuja na jambo lililonisumbua zaidi. Waliziweka seli za kansa ya titi pamoja na seli T, hizi tunazozitegemea ziue, kisha wakazipeleka kwenye ukuta wa mfano waliotengeneza maabara. Zile zilizokaa na seli T zikavuka vizuri kuliko ambazo hazikukaa nazo. Kumbe zile seli T zinapopigana zinamwaga kemikali, na kemikali ile inaifanya seli ya kansa iwashe protini inaitwa GBP1 ambayo inaisaidia kupenya. Walipoizima GBP1, kuvuka kukapungua. Yaani kipigo kinamfundisha mwizi kupanda ukuta. Hiyo haimaanishi seli T ni mbaya, soma swali linalofuata kabla hujaanza kunitumia voice note.

7. Sasa kinga inamsaidia mgonjwa au inaisaidia kansa?

Zote mbili, tena inaweza kuwa wiki ileile ndani ya mwili uleule. Najua hili jibu linakera.

Chukua seli T. Kwenye tripo negativu, mtu ambaye uvimbe wake wa titi umejaa seli T ndani kwa wastani anaendelea vizuri kuliko ambaye hana, hilo limepimwa kwa wagonjwa wengi na mimi mwenyewe nikiziona kwenye kioo, vidoa vya zambarau vimetapakaa katikati ya uvimbe, nafurahi kimoyomoyo. Lakini ukilinganisha uvimbe wa titi na ule wa kichwani wa mtu huyohuyo, wa kichwani mara nyingi una seli T chache, na zilizopo zimechoka, zimewekewa breki.

Makrofaji nao hivohivo. Kule kwenye titi, watafiti wa New York waliangalia uvimbe ukiwa hai kwenye hadubini wakaona seli ya kansa haiingii kwenye damu peke yake, inaingia palipo na makrofaji amekaa kwenye mshipa, seli tatu zimegusana, ya kansa, makrofaji na ya mshipa. Makrofaji anaitolea ya kansa chakula cha kuikuza, yenyewe inamtolea chakula cha kumbakiza, wanavutana hadi mlangoni. Na kazi hiyo haikuzuliwa na kansa, ndiyo kazi yake ya kila siku ya kuponya kidonda, kulegeza tishu na kukuza mishipa. Kansa inajifanya kidonda kisichopona.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kinga yake iko juu au chini" sina cha kumjibu. Swali linalofaa ni seli zipi, ziko wapi, na zimeambiwa nini.

8. Mikroglia ni nini na wanafanya nini?

Hawa ni sungusungu wa ubongo. Aliyewaelezea vizuri kwanza ni Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Hawazaliwi kwenye uboho kama wenzao wa kwenye damu, asili yao ni mfuko wa kiini, mtoto akiwa bado kiinitete, wanaingia kwenye ubongo mapema na kukaa humo maisha yote. Wana vikono virefu wanavipapasa huku na huku usiku na mchana.

Seli ya kansa ikiingia wanaizunguka, na zilizo nyingi zinakufa palepale. Zinazobaki ndo tatizo. Kuna utafiti wa panya wa 2020 ulionyesha seli hizi za kienyeji za ubongo zinatoa ishara inaitwa CXCL10 inayowaita wenzao wanaokuja kuzinyamazisha seli T, kwa hiyo kansa inakua kwa raha. Ukiishia hapo utasema tuwaondoe mikroglia tupone. Mwaka 2023 wengine kule California wakatumia panya waliozaliwa bila mikroglia kabisa, na uvimbe wa kichwani ukawa mkubwa zaidi, seli T na NK zikapooza kwa kukosa wa kuziamsha.

Mi msimamo wangu, ambao si wa kitabuni, sungusungu haumvunji kwa sababu mmoja alionekana anakunywa na mwizi, unatafuta nani kamnunua. Na dawa zinazotafutwa sasa ziko upande huo, kuwageuza badala ya kuwaua.

9. Na nyutrofili?

Kwenye panya, kundi la Houston mwaka 2020 waliona baadhi ya seli za kansa ya titi zinatengeneza zenyewe ile homoni ya kuita nyutrofili, G-CSF, nyutrofili wanaitika wanaingia kichwani wakiwa wa aina inayozizima seli T. Kuhusu sindano ya hospitali yenye jina hilohilo nenda swali la 16.

10. Kuna mtu kaniambia hata seli za ubongo zenyewe zinaisaidia, kweli?

Kweli, astrosaiti. Zinatoa vifuko vidogo vidogo, ndani kuna ujumbe unaozima jeni inaitwa PTEN ndani ya seli ya kansa, hii PTEN ni breki. Breki ikitoka, kansa inatoa ishara inayowaita seli za kinga aina ya mikroglia na ndugu zao, wanakuja wanaichochea. Kilichonifurahisha kwenye huo utafiti wa 2015 ni kwamba walipozitoa zile seli za kansa kwenye ubongo wakazikuza nje, PTEN ikarudi kuwaka. Udongo uleule wa Paget, sasa umekutwa na mkono kwenye swichi.

11. Inakuwaje titi lilikatwa, miaka ikapita, ndo inaibuka kichwani?

Zilishatoka zamani zikalala. Njiani kwenye damu ni machinjioni, majaribio ya Isaiah Fidler ya 1970 kwa panya yalionyesha baada ya siku moja inabaki chini ya seli moja hai katika elfu moja zilizoingizwa. Hizo chache zikifika zinaweza kukaa kimya, hazigawanyiki, na seli NK zinazichunga, yoyote itakayoanza kukua inauliwa. Siku ulinzi ukilegea au seli moja ikapata mbinu ya kutoonekana, inaanza.

Kwa hiyo siyo kwamba aliyekupasua alisahau kipande. Nasema hivi kwa sababu nimeona familia zikimchukia daktari wa watu bure.

## Dawa

12. Kuna dawa ya kuongeza kinga wanauza sokoni Mwanjelwa, nimpe mgonjwa?

Hapana. Nimeona chupa zake, nimeona unga wake, moja iliandikwa inatibu kansa, kisukari, nguvu za kiume na madeni (la madeni natania, lakini kidogo tu). Rudi swali la 7, kama seli zenyewe zinaweza kukaa upande wowote, unaongeza zipi? Pia mitishamba mingine inagombana na dawa kwenye ini, kemo inapanda kupita kiasi au inashuka haifanyi kazi.

Anayetumia matembele, maparachichi, maharage, maziwa, na kutembea kidogo kila siku akiweza, huyo anafanya vizuri, mwili unavumilia matibabu. Msimuuzie shamba kwa ajili ya unga.

13. Na hii imyunotherapi ya hospitali si ni kuongeza kinga vilevile?

Inafanana kwa jina. Hii inaenda kwenye breki moja inayojulikana. Seli T ina kitufe kinaitwa PD-1, kansa au seli za kinga zilizonunuliwa zinakibonyeza, seli T inalala. Dawa kama pembrolizumabu inakaa juu ya kitufe kisibonyezwe. Waliogundua kwamba ukizizuia breki za namna hii unaweza kutibu kansa, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Nobel 2018.

Kwenye kansa ya titi inatumika kwa tripo negativu, pamoja na kemo. Kwa ile iliyokwisha panda kichwani ushahidi ni mdogo kuliko wa kansa ya ngozi ya melanoma, huko imefanya vizuri hata kichwani, na sababu mojawapo ni kwamba wagonjwa wa kichwa walikuwa wanaachwa nje ya majaribio mengi. Madhara yake ni kinga kushambulia mwili wenyewe, tezi ya shingo, utumbo, mapafu, kwa hiyo kuhara hovyo siyo jambo la kununua dawa duka la karibu, ni kupiga simu. Bei yake, kwa mtu wa kawaida wa Iringa au Mbeya, bado ni ya kusikia tu.

14. Amepewa deksa akapata nafuu siku mbili tu, kwa hiyo imepona?

Hapana, uvimbe wa maji pembeni umeshuka. Deksamethasoni inatuliza seli za kinga na kuziba mishipa inayovuja, presha ya kichwa inapungua, mtu anaamka anaomba chai. Mama mdogo siku ya tatu alikula sahani nzima, kulia na kushoto, tukapiga vigelegele, mi nikijua.

Ila deksa inawalaza hata seli T tunazozitaka, ndo maana kwa anayetaka kuanza imyunotherapi madaktari wanapunguza dozi iwe ndogo inavyowezekana. Sukari inapanda, fangasi za mdomo zinakuja. Na USIIKATISHE ghafla wewe mwenyewe, mwili unakuwa umesahau kutengeneza yake, mtu anaweza kuanguka. Inashushwa taratibu kwa maelekezo.

15. Anatumia Herceptin, kifua na ini viko safi, mbona kichwani imetokea?

Hili linauma watu kwa sababu dawa inakuwa inafanya kazi. Trastuzumabu, ndiyo hiyo Herceptin, ni protini kubwa, ukuta wa swali la 6 hauipitishi vizuri. Na sehemu ya kazi yake ni kuwaitia seli NK na makrofaji waiue seli yenye HER2, sasa kama dawa yenyewe imebaki nje na hao nao kule ndani ni wachache, kichwa kinakuwa maficho.

Kuna vidonge vya molekuli ndogo, tukatinibu, viliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kutumika pamoja na trastuzumabu na kapesitabini, na jaribio lake liliwakubali watu wenye kansa kichwani, wakaishi muda mrefu zaidi kuliko waliokosa. Trastuzumabu ya kawaida iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye kabati la hospitali ni vitu viwili, mnajua.

Kwa sasa silaha ya wengi wetu ni mionzi ya kichwa, na kwa doa moja linalofikika upasuaji, na hapo ndo safari ya Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Mgonjwa mwenye presha ya kichwa kupanda mlima Kitonga usiku anatapika sana, ombeni dawa za safari kabla, kaeni mbele.

16. Wamemchoma sindano ya kupandisha seli nyeupe baada ya kemo, si ndo ile G-CSF ya swali la 9? Akatae?

Asikatae. Kule panya ni uvimbe unaomwaga homoni mfululizo ndani ya nyama yake. Huku ni sindano za siku chache kwa mtu ambaye nyutrofili zake zimeisha, homa ya kawaida inaweza kumuua wiki hii. Kama una wasiwasi muulize daktari, lakini ukiwa umeshachomwa.

## Maswali magumu

17. Mgonjwa wangu ana VVU, kinga yake iko chini, kansa itapanda haraka?

Hili naulizwa sana na kwa kunong'ona, na Njombe, Iringa na Mbeya ndo mikoa inayoongoza nchini kwa VVU kwa hiyo siyo swali la watu wachache. Kansa ya titi haimo kwenye zile kansa zinazohesabiwa za UKIMWI, kama Kaposi au ya mlango wa kizazi. Ila tafiti za Afrika zimeonyesha mwanamke mwenye kansa ya titi na VVU kwa wastani anaishi muda mfupi kuliko mwenye kansa peke yake, na sababu zimechanganyika, kuchelewa kufika, kemo kukatishwa, magonjwa nyemelezi.

Cha kufanya: ARV zisisimame hata siku moja, na daktari wa kansa ajue anatumia zipi. Nimekutana na mama aliyewaficha wa kansa habari za CTC (kliniki ya VVU) na akawaficha wa CTC habari za kansa, anabeba mifuko miwili ya dawa. Anatibiwa nusu nusu na watu wawili ambao kila mmoja anashangaa.

18. Picha imeonyesha madoa kichwani, hiyo si ni kansa tayari?

Si lazima, na kwa watu wa huku nalikazia. Sisi tunafuga nguruwe, Mbozi, Ileje, Rungwe kote, na nguruwe wengine wanazurura na vyoo vingine havina milango. Mayai ya tegu yakiingia mdomoni kwa mikono au mboga zisizooshwa, kiluwiluwi kinaweza kukaa kwenye ubongo kikafanya kifuko. Kitimoto isiyoiva inakupa tegu wa tumboni, yale mayai ndo yanakupa ya kichwani, watu wanachanganya.

Na angalia kinga inavyorudi hapa. Kifuko kikiwa hai kinajificha, seli za kinga hazikioni, mtu anaishi nacho miaka. Siku kinapokufa zinakivamia, panavimba, ndo degedege linakuja. Kwenye picha unapata duara lenye ukingo unaong'aa, na kansa nayo inaweza kuwa duara lenye ukingo unaong'aa, TB ya ubongo vilevile, kimelea cha toksoplasma kwa mwenye VVU vilevile. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kuwa na kansa ya titi akikutwa na doa moja, ulizeni kama limefananishwa na hayo mengine kabla mionzi haijapangwa. Siyo kumkosea daktari heshima, mwambie tu "daktari, sisi nyumbani tunafuga nguruwe", ataelewa.

19. Hizi habari zote ni za panya, sisi zinatuhusu nini?

Nyingi ni za panya, sibishi. Panya wa maabara anachomwa seli za kansa moja kwa moja kwenye moyo au mshipa wa shingo, anaishi kwenye boksi safi, hajawahi kuugua malaria wala minyoo. Kinga ya mtu wa Chunya aliyepita hayo yote haifanani na yake. Na sampuli za binadamu zilizochunguzwa nyingi ni za Ulaya na Marekani, wakati tripo negativu ndo yetu.

Kinachotuhusu leo ni kipande cha nyama. Kila biopsi inabaki maabara ikiwa imegandishwa kwenye nta, kiboksi kidogo cha plastiki, na kinaweza kupimwa tena miaka baadaye, vipokezi, HER2, hata kuhesabu seli T. Na kama nilivyosema swali la 1, tabia zinaweza kubadilika njiani, iliyokuwa haina HER2 kwenye titi ikaja kuwa nayo kichwani. Cha mama mdogo kilitakiwa miaka miwili baada ya upasuaji, karatasi ya majibu ilishapotea nyumbani, tulitafuta siku nzima kwenye maboksi hadi tukakikuta, jina limeandikwa kwa penseli na namba imefutika nusu. Kwa hiyo siku mnachukua majibu, pigeni picha karatasi nzima kwa simu, namba ya sampuli ionekane, halafu mtumieni mtu mwingine wa familia naye awe nayo.